Popo wa Manila na Boga la Kibarazani: Mafunzo Niliyopata kwa Kutengeneza Mapambo na Kadi za Halloween

Oktoba ikianza kwisha, simu za kutoka nyumbani Tanga huja na swali lile lile: "Bado mnacheza na mizimu huko?" Nimeacha kujitetea. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, mji wenye Waafrika wengi, na usiku wa tarehe 31 watoto wa mtaa hupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Asiyetaka wageni huzima taa ya kibarazani, nao hupita bila kugonga. Sisi tunawasha. Mapambo ya dukani ni ghali na plastiki yake inanuka, kwa hiyo nikashika mkasi, na baadaye nikaongeza kadi za wazee ninaowahudumia kazini. Haya hapa ndiyo niliyojifunza. Mengi yanahusu manila na gundi. Ya imani ni machache, lakini hayakwepeki.

1. Pambo la nje ni la mtu aliye barabarani

Watoto hawasimami kuchunguza kazi yako. Mmoja kofia imemfunika macho, mwingine analia baridi, mzazi yuko nyuma na tochi. Kutoka barabarani hadi dirishani kwangu, manyoya ya bundi yaliyochorwa kwa kalamu hayaonekani kabisa. Linaloonekana ni umbo. Kwa hiyo nguvu zote naziweka kwenye ukingo wa mkato, na katikati naacha pawe peusi tu.

Popo, kwa mfano, anatambulika kwa masikio yaliyochongoka na kwa ukingo wa chini wa mbawa, ule wenye mabonde mabonde. Ukiusawazisha ukingo huo umepata ndege, na ndege hamtishi mtu. Paka anataka mgongo uliopinda na mkia uliosimama. Mchawi ni kofia na pua, ufagio ni nyongeza. Manila nyeusi naikunja katikati, nachora nusu ya mnyama upande wa mkunjo, nakata mara moja, nikiifungua pande zote mbili ziko sawa. Kabla ya kubandika kwa gundi nambandika kwa selotepu, navaa koti, natoka hadi barabarani kumtazama. Watu wengi hawaifanyi hatua hii, na ndiyo inayotenganisha dirisha lenye kupendeza na dirisha lenye madoa meusi yasiyoeleweka.

Utando wa buibui wa pamba, ule unaovutwa na kutandazwa vichakani, siununui. Ndege wadogo hunaswa humo, na popo wa kweli pia. Wangu nausuka kwa kamba ya mkonge, bidhaa ambayo mtu wa Tanga hafundishwi matumizi yake, na maduka ya vifaa vya ujenzi hapa wanayo. Mihimili mitano au sita inafungwa kwenye vyuma vya kibaraza, kisha kamba inazungushwa kutoka katikati kwenda nje, kila makutano fundo. Kamba ni nene, ndege anaiona na kuikwepa. Mvua haiidhuru, na mwaka unaofuata naitoa tena stoo.

2. Mwanga ni nusu ya kazi

Tangu mwaka 2007 Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo Halloween inakuta saa bado ni zile za kiangazi. Siku hiyo kwetu jua linazama karibu saa 12 jioni. Watoto wadogo huanza kufika saa 11 kungali na mwanga, wakubwa wanakuja gizani. Pambo linalofaa ni lile linalowafaa wote wawili.

Umbo jeusi dirishani hupotea usiku kama nyuma yake hakuna taa. Mimi nabandika kwanza karatasi ya kuokea juu ya kioo chote, kwa ndani, kisha popo juu yake, na taa ya mezani nyuma. Karatasi ile inatawanya mwanga, balbu haionekani, na dirisha zima linakuwa la manjano. Macho ya paka nayatoboa na kuyaziba kwa karatasi laini ya rangi ya machungwa.

Njiani naweka galoni tupu za maziwa zilizooshwa vizuri, zimechorwa macho na mdomo kwa kalamu ya wino mzito, na ndani ya kila moja mshumaa wa betri. Plastiki yake ni nyeupe yenye ukungu, inatoa mzimu bila kazi nyingi. Mimina kokoto kidogo chini, la sivyo upepo wa hapa utaipeleka kwa jirani. Mshumaa wa moto nimeupiga marufuku kibarazani: kuna majani makavu, mabua ya mahindi na nguo za watoto zinazoburuta chini.

3. Uji wa unga bado ni gundi nzuri kuliko nyingi

Uji huu ndio tuliobandikia vibendera vya karatasi kwenye nyuzi mtaani kwetu Tanga, harusi ikija au maulidi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano nakikoroga kwa maji baridi hadi mabonge yaishe, nakimimina katika vikombe vinne vya maji yanayochemka, nakoroga mpaka uzito ushike na ule weupe wa unga mbichi upungue. Kijiko cha chumvi huchelewesha ukungu. Ukipoa uko tayari.

Kwa uji huo natengeneza vichwa vya mizimu na maboga mepesi ya kutundika. Puto linapulizwa, magazeti yanachanwa vipande vyembamba, vinachovywa na kubandikwa. Magazeti yachanwe kwa mkono, yasikatwe: ukingo uliochanika hulala na kuungana na wenzake, ukingo wa mkasi huacha mstari unaoonekana hata chini ya rangi. Kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Nyumba za Minnesota mwezi Oktoba zimeshawasha joto na hewa ni kavu, hivyo kazi inakwenda haraka kuliko ingekwenda Tanga, ambako chumvi ya bahari na unyevu vingekuoteshea ukungu kabla hujatoboa puto.

4. Boga la kuchonga si la kula, la kula si la kuchonga

Shangazi yangu alikaa nasi msimu mmoja. Alipotembea mtaani akaona maboga makubwa yamepangwa kwenye ngazi yakinyeshewa, akarudi amekasirika kweli. "Watoto wenu mnawafundisha kuchezea chakula," alisema. Nikamchemshia kipande cha boga lile la ngazini. Alionja, akaweka kijiko chini, na hakulizungumzia tena.

Maboga mengi ya kuchonga ni ya aina inayoitwa Howden, iliyozalishwa na mkulima John Howden wa Massachusetts katika miaka ya 1960. Alichagua umbo, rangi na kikonyo imara. Utamu haukuwa sehemu ya hesabu, na nyama yake ni ya majimaji yenye nyuzi. Kwa tui la nazi nunua yale madogo ya kupikia pai. Mbegu, hata hivyo, ni za kula popote zitokapo: zioshe, zikaushe, zipake mafuta na chumvi, zioke kwenye oveni.

Desturi yenyewe haikuanza na boga. Ireland walichonga tanipu, na makumbusho ya taifa ya maisha ya vijijini kule Mayo wanaonyesha sanamu ya plasta iliyofinyangwa kutokana na tanipu moja ya zamani. Ni uso mbaya, wenye meno, unaotisha kuliko boga lolote. Wahamiaji walipofika Amerika wakakuta tunda kubwa, laini na lenye nafasi ndani.

Ukichonga, toboa chini, usitoboe juu. Kifuniko cha juu hunyauka na kuzama ndani. Ukitoboa chini unaliketisha tu juu ya taa yake. Kwangua ukuta wa upande wa uso hadi unene wa kama sentimita 2.5, mwanga upite na kisu kisihangaike. Halafu usichonge mapema. Boga lililofunguliwa halimalizi wiki likiwa zuri, baridi ikiganda usiku linalegea, na kindi wa hapa hulila kuanzia puani. Anayetaka la kukaa mwezi mzima alipake rangi bila kulitoboa.

(Ubingwa wa maboga makubwa uko jirani. Travis Gienger, mwalimu wa kilimo cha bustani kutoka Anoka, mji ulio kaskazini yetu kidogo, mwaka 2023 alipima boga la kilo 1,247, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Shangazi alipoiona picha aliuliza lingelisha watu wangapi.)

5. Kuna vitu havitundikwi

Anoka hao hao hujiita makao makuu ya Halloween duniani. Mwaka 1920 wazee wa mji waliandaa gwaride, kwa sababu vijana walizoea kuumaliza usiku ule kwa utundu: kuangusha vyoo vya nje, kufungulia ng'ombe wazurure barabara kuu. Gwaride, peremende na moto wa kuota viliwapa kazi nyingine. Nawasimulia ndugu zangu kisa hiki kwa sababu kinaonyesha sherehe inavyopinda kufuata wanaoiandaa. Ninayeandaa kwangu ni mimi, na mimi nina mipaka.

Damu siweki. Maiti siweki. Mkristo mwenzangu anayesema hata fuvu limezidi, simbishii. Parokiani tuna Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na Marehemu Wote tarehe 2, na watoto wangu wanajua kwamba ile ni ibada na hii ni mchezo. Lakini kuna moja sina majadiliano nayo. Kila mwaka utaona, kwenye uwanja wa nyumba fulani, sanamu ya mtu imening'inizwa mtini kwa kamba ya shingoni. Aliyeitundika labda anawaza filamu. Katika nchi hii watu weusi kwa maelfu waliuawa na makundi ya watu, wengi wao hivyo hivyo, mtini, kwa kamba, na hapa hapa Minnesota, mjini Duluth, Juni 1920, vijana watatu weusi waliokuwa wakifanya kazi na sarakasi walinyongwa kwenye nguzo ya taa mbele ya umati. Ni mwaka ule ule wa gwaride la Anoka. Mizimu yangu ya kitambaa naitundika kwa uzi wa kuvulia unaopita utosini, haina miguu, haina shingo, na hakuna mtoto wa mtu atakayeiona akafikiri ni mtu.

6. Hali ya hewa haikuulizi

Tarehe 31 Oktoba 1991 ilianza kuanguka theluji Minneapolis ambayo hadi ilipoacha, tarehe 3 Novemba, ilikuwa imefikia inchi 28.4, yaani sentimita 72. Wenyeji waliokuwa watoto wakati ule bado wanaisimulia. Kwa hiyo cha karatasi kikae ndani ya kioo, cha nje kiwe kamba, plastiki au mbao. Basi.

7. Kadi huanzia kwenye mkunjo

Pambo linaangaliwa kutoka mbali, kadi inashikwa mkononi. Kila kosa unalosamehewa dirishani hapa utaulizwa.

Karatasi nzuri kwa kadi ni manila ya takriban gramu 176 kwa mita ya mraba, ile inayouzwa hapa kwa jina la ratili 65. Nyembamba kuliko hiyo haisimami wima, nene sana hupasuka kwenye mkunjo. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi zake: ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaokubali kwa urahisi ndiyo njia ya nyuzi, na mkunjo ufuate njia hiyo. Chukua kalamu iliyokwisha wino, weka rula, pitisha ncha mara moja kwa kukaza, ndipo ukunje. Mgongo wa kijiko unamalizia. Kadi iliyokunjwa kwa kubahatisha haifungi sawa hata uipambe kwa dhahabu.

Ninayopenda zaidi ni ile inayoruka ikifunguliwa. Kadi ikiwa imekunjwa, kata mistari miwili sambamba kuanzia kwenye mkunjo kuingia ndani, kisha sukuma ulimi uliopatikana uelekee ndani ya kadi. Unapata kijisanduku kinachosimama kila kadi ikifunguka, na mbele yake unabandika boga au paka. Urefu wa mkato usizidi nusu ya upana wa kadi iliyofungwa, maana ukizidi kijisanduku kitachungulia nje ya ukingo. Pima na paka mwenyewe pia; masikio yake ndiyo husahaulika.

Gundi nyeupe ya maji weka vitone, usiipake eneo zima, kwa sababu huikunja karatasi ikauke kama chapati iliyoungua. Eneo kubwa lipakwe gundi ya kijiti, kisha kadi ilale usiku kucha chini ya kitabu kizito. Vumbi linalometameta sitaki kuliona nyumbani kwangu. Linaingia kwenye zulia na kubaki humo hadi Pasaka.

8. Posta ina sheria zake

Kadi za Halloween zilikuwa biashara kubwa mwanzoni mwa karne iliyopita, hasa baada ya Machi 1907, posta ya Marekani iliporuhusu ujumbe uandikwe upande ule ule wa anwani na upande wa pili ubaki wote kwa picha. Nyingi zilichapwa Ujerumani, na mchoraji Ellen Clapsaddle alichora watoto wenye mashavu mekundu na maboga ambao wakusanyaji bado wanawatafuta. Zile zilikuwa bapa. Za kwetu za mkono zina vifungo, riboni na paka anayeruka, na mashine ya posta haipendi hata kimoja.

Stempu ya kawaida ya barua hubeba aunsi moja, kama gramu 28. Bahasha ya mraba inalipiwa nyongeza, na bahasha ngumu au yenye kitu kinachovimba ndani nayo hivyo hivyo. Ikizidi robo ya inchi unene haihesabiki tena kama barua. Chini ya inchi 3.5 kwa 5 haipokelewi. Amua ukubwa wa bahasha kwanza, kadi baadaye.

Na kwa majirani, usijaribu kutumbukiza kadi isiyo na stempu kwenye kisanduku chao cha barua. Sheria ya serikali kuu inakataza, kwa kuwa kisanduku kile ni cha barua zilizolipiwa. Gonga mlango, au ibane kwenye kitasa. Binafsi nagonga. Ndivyo nilivyomjua mama wa Kimeksiko wa nyumba ya pembeni, ambaye kila Novemba hutundika sebuleni karatasi za rangi zilizotobolewa kwa patasi, lakini zile ni za marehemu wake. Nilimwambia tu kwamba nimezipenda, sikuziiga.

9. Kwa wazee, punguza kutisha, ongeza ukubwa wa herufi

Nyumba ya wazee ninakofanya kazi ina wengi waliopoteza kumbukumbu. Kinyago kinachomchekesha mjukuu kinaweza kumfanya mzee alie usiku mzima, kwa sababu kwake uso ule ni wa mgeni aliyeingia chumbani. Kwa hiyo kadi zangu za kule hazina mafuvu wala macho matupu. Zina maboga yanayocheka, bundi, majani mekundu ya miti ya hapa. Herufi nyeusi, kubwa, juu ya manjano. Hakuna kifungo wala ushanga, maana kuna watakaouweka mdomoni.

Kuna mmoja nilimpelekea boga la karatasi laini, lile linalokaa bapa kisha linafunguka kuwa tufe lenye vyumba kama vya nyuki. Hutengenezwa hivi: karatasi laini zaidi ya ishirini za rangi ya machungwa, kila moja inabandikwa kwa mwenzake kwa mistari myembamba ya gundi, na mistari ya karatasi ya pili iangukie katikati ya ile ya kwanza, ya tatu irudie ya kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho. Likikauka unalikata nusu duara, unabandika manila kila upande, kisha unafungua taratibu. Nilimpa likiwa limefungwa. Bibi yule, ambaye siku nyingi hakumbuki jina la mwanawe, alilishika kwa vidole viwili viwili pembeni, akalifungua bila kuelekezwa, akabana ncha zake mbili zikutane. "Mama alikuwa anayaweka juu ya kabati la sahani," akasema, "na mimi ndiye niliyekuwa ninayafunga." Akalifunga, akalifungua tena.

Kizazi chake kilikulia karatasi. Kampuni ya Dennison ya Framingham, Massachusetts, kuanzia mwaka 1909 ilichapisha vijitabu vya kufundisha mapambo na mavazi ya Halloween kwa karatasi ya krepu, na Beistle ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilieneza haya ya tufe kwa familia za kawaida. Plastiki ilikuja baadaye. Anayewapelekea wazee hawa karatasi anawapelekea kitu ambacho mikono yao inakifahamu.

Kama nawe unafanya kazi katika nyumba ya namna hii, na Waswahili wengi wa Minnesota tunafanya, mwombe ruhusa mwezi Septemba msimamizi wa shughuli zao, muulize vyumba vingapi vina watu, kisha tengeneza kadi kwa idadi hiyo na mbili tatu za akiba. Asirukwe hata mmoja, kwa sababu kadi hubandikwa mlangoni, na wote hupita wakitazama milango ya wenzao.